Baba asema ‘tungoje’, mama asema ‘twende’: Mtoto naye amngoje nani?

Na DAKTARI WAKO

MAMA mmoja aliingia katika kliniki yangu mtaani Eastlands, Nairobi, siku ya Jumanne saa nne asubuhi, wakati mumewe alikuwa kazini. Alikuwa amembeba mvulana wa miaka miwili na mwezi mmoja. Nilipomuuliza mtoto anaugua nini hakunijibu mara moja. Kwanza alihakikisha mlango umefungwa, kisha akaketi.

“Daktari, mtoto haugui,” akasema. “Anakula, analala, anakimbia. Lakini haongei. Na nikimwita jina lake hageuki. Baba yake akijua nimemleta hapa, leo hatutaelewana.”

Wakati huo mvulana alikuwa tayari ameshuka sakafuni. Alikuwa amekipindua kigari cha plastiki akilizungusha gurudumu moja kwa kidole. Nilimwita kwa jina. Hakuinua macho.

Siku tatu baadaye baba naye akaja, peke yake. Hakuja kutibiwa bali kulalamika. “Daktari, mke wangu anamtafutia mtoto ugonjwa,” akaniambia. “Mama yangu ananieleza kwamba mimi mwenyewe sikuongea hadi nilipokaribia miaka mitatu, na leo ninafanya kazi benki. Wavulana huchelewa. Na kusikia anasikia. Tangazo la televisheni likianza, anatoka chumbani mbio. Kwa nini tusimpe muda?”

Mpenzi msomaji, wazazi hawa wawili wanampenda mtoto wao, na hakuna aliye mjinga kati yao. Baba anaamini kwamba subira huvuta heri. Mama anaamini kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni zetu na zote zina ukweli wake. Lakini walikuwa wamebishana kwa muda wa miezi saba, na katika miezi hiyo yote hakuna aliyempima mtoto masikio.

Wameniruhusu kusimulia habari yao mradi nisiwataje. Ninaieleza kwa sababu kila mwezi huwaona wazazi wengine walio katika hali hiyo hiyo. Si akina baba pekee wanaokataa. Nimewaona akina mama wanaokataa katakata, kwa kuwa wanajua kwamba mtoto akipatikana na tatizo, ukoo mzima utawanyooshea kidole wao.

Yasemwayo nyumbani

Hebu tuyatazame maneno ambayo hutumiwa sana katika mabishano haya, kwani mengi yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo huwapotosha wazazi.

“Wavulana huchelewa.” Ni kweli kwamba kwa wastani wasichana huanza kuongea mapema kuliko wavulana. Lakini tofauti hiyo ni ndogo, wala si ya mwaka mzima. Mvulana wa miaka miwili asiyesema neno lolote hawezi kuelezwa kwa uvulana wake peke yake.

“Baba yake pia alichelewa.” Hili nalo ni kweli, kwamba kuchelewa kuongea huonekana katika baadhi ya familia. Lakini aina fulani za uziwi pia hurithiwa. Usonji vilevile huonekana zaidi katika baadhi ya familia. Kwa hivyo, historia ya baba ni sababu ya kumpima mtoto, si sababu ya kungoja.

“Lugha ni nyingi, zinamchanganya.” Nyumba nyingi za mjini zina lugha ya nyanya, Kiswahili, Kiingereza na Sheng ya watoto wa jirani. Lugha hizo hazimzuii mtoto kuongea. Unapohesabu maneno yake, yahesabu yote pamoja bila kujali ni ya lugha gani. Akisema “maji” kwa lugha moja na “mbwa” kwa nyingine, hayo ni maneno mawili.

“Ulimi wake umefungika, apelekwe akakatwe.” Utando ulio chini ya ulimi, ukiwa mfupi mno, unaweza kumtatiza mtoto anyonyapo na pengine kuharibu matamshi machache baadaye. Haumzuii kuelewa anayoambiwa, kuonyesha kitu kwa kidole au kujaribu kusema. Kumkata mtoto nyumbani kwa wembe ni kumletea damu na maambukizi bure.

“Atajifunza kwa wenzake shuleni.” Katika mfumo wetu wa sasa mtoto huingia darasa la PP1 akiwa na miaka minne. Anayengojea shule tangu miaka miwili atakuwa amepoteza miaka miwili, tena ile iliyo bora kabisa ya kujifunza lugha. Isitoshe, mwalimu mwenye watoto wengi darasani hana nafasi ya kufanya kazi ambayo ingefanywa na mtaalamu mapema.

“Ni laana ya upande wenu.” Haya husemwa kwa hasira, na ndiyo huvunja nyumba. Mtoto anaweza kuchelewa kukua kwa sababu alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, alizaliwa kabla ya wakati, au alipata manjano kali akiwa mchanga. Wengine huathiriwa na homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Wengine huzaliwa hivyo kutokana na chembe za urithi, na mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Usonji hausababishwi na chanjo wala na malezi mabaya. Kutafuta wa kulaumiwa hakujamfundisha mtoto yeyote neno hata moja.

Kosa langu

Nikisema haya simnyooshei baba yule kidole. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama upande wa wanaongoja.

Nilipokuwa daktari mchanga katika hospitali moja ya mashambani, mama aliniletea msichana wa mwaka mmoja na nusu. Alisema mtoto haongei na wala hajali akiitwa. Mumewe alikuwa amesimama kando akitabasamu, kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mkewe. Nami nilikuwa na foleni ndefu nje. Nilisimama nyuma ya msichana nikapiga makofi. Akageuka. “Unaona, mama?” nikamwambia. “Anasikia. Mpe muda.” Baba akacheka, nami nikacheka pamoja naye.

Msichana yule alirudi akiwa na karibu miaka minne, baada ya mwalimu wa chekechea kuingiwa na shaka. Alipopimwa ipasavyo alipatikana kuwa kiziwi wa masikio yote mawili. Niliposoma faili yake nikaona kwamba alikuwa amelazwa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi minane. Homa hiyo ni miongoni mwa sababu zijulikanazo sana za uziwi, na habari hiyo ilikuwepo siku ile ya kwanza. Sikuuliza.

Je, kwa nini aligeuka nilipopiga makofi? Kwa sababu kiziwi huhisi upepo wa mikono, huona kivuli, na huona macho ya mamake yakitazama nyuma. Kupiga makofi si kipimo, wala kuangusha sufuria jikoni. Zaidi ya hayo, mtoto anaweza kusikia kishindo na asisikie sauti nyembamba za maneno. Tangu siku hiyo, mzazi akiniambia mtoto wake haongei, humwagiza akapimwe masikio kabla ya jambo jingine lolote. Mama yule alikuwa amejua kweli, nami nikamnyamazisha.

Kwa nini muda una thamani

Ubongo wa binadamu hukua kwa kasi kubwa zaidi katika miaka ya kwanza ya maisha. Njia za lugha, mwendo na mahusiano na watu hujengwa kwa kutumiwa. Mtoto asiyesikia hapati maneno ya kujengea, na yule ambaye misuli yake ni migumu huzoea kukaa na kutembea vibaya, kiasi kwamba baadaye inakuwa kazi kubwa kumnyoosha. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Lazima niseme ukweli wote. Wako watoto wengi wa miaka miwili ambao husema maneno machache tu, lakini wanaelewa wanachoambiwa, wanacheza na wenzao na kuonyesha wanachotaka, na ambao baadaye hufikia wenzao bila tiba. Baba yule huenda alikuwa mmoja wao. Shida ni kwamba kwa macho ya nyumbani hakuna awezaye kujua ni nani atakayejifikia mwenyewe na ni nani atakayebaki nyuma. Ukimpima mtoto ambaye angepona mwenyewe, umepoteza siku moja na nauli ya matatu. Usipompima yule mwenye tatizo, unaweza kupoteza miaka.

Dalili za kuangalia

Watoto hutofautiana, na hakuna siku maalumu ya kila jambo. Hata hivyo iko mipaka ambayo mtoto akiivuka bila kutimiza hatua fulani, yafaa aonwe na daktari. Ikiwa alizaliwa kabla ya wakati, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, hadi afike miaka miwili.

• Miezi 3: hatabasamu anapochekeshwa, au hashtuki kwa sauti kubwa.

• Miezi 9: hawezi kuketi bila kushikiliwa, au hageuki akiitwa jina.

• Miezi 12: hasemi “ba-ba” au “da-da”, na hatumii mikono kuaga au kuomba kitu. Pia, ikiwa anatumia mkono mmoja tu na kuusahau mwingine, huenda mkono ule wa pili una udhaifu.

• Miezi 18: hajaanza kutembea, haonyeshi kitu kwa kidole, au hana hata maneno matatu mbali na “mama” na “baba”.

• Miaka 2: haunganishi maneno mawili, kama “mama kuja” au “taka maji”.

• Umri wowote: anapoteza alichokuwa nacho. Mtoto aliyekuwa akisema maneno kisha akanyamaza, au aliyekuwa akitembea kisha akaacha, apelekwe kwa daktari juma hilo hilo.

Kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto ambacho wengi wetu hukifungua kwa ajili ya chanjo pekee kina ukurasa wa hatua hizi za kukua. Usomeni pamoja nyumbani. Mtoto anapopelekwa kwa chanjo ya pili ya ukambi akiwa na miezi 18, au anapopewa vitamini A kila baada ya miezi sita, mwombe muuguzi atazame pia kukua kwake kwa akili na viungo, si uzani tu.

Kupimwa si hukumu

Baba wengi huogopa kwamba mtoto akipelekwa hospitali atabandikwa jina ambalo halitaondoka. Nawaambia kwamba tatizo, likiwepo, lilikuwepo kabla ya jina. Jina hufungua tu mlango wa msaada. Na mara nyingine jibu huwa jepesi, kwa mfano maji yaliyokaa nyuma ya kiwambo cha sikio, upungufu wa madini ya chuma, au tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri. Haya yote yana matibabu.

Daktari huanza kwa maswali. Mimba ilikuwaje? Mtoto alilia mara tu alipozaliwa? Aliwahi kupata manjano, degedege au kulazwa? Kisha humpima ukubwa wa kichwa, macho, masikio, misuli na mgongo. Kwa kipimo kimoja cha usikivu, kifaa kidogo huwekwa sikioni, hutoa mlio na kupokea jibu la sikio lenyewe, hata mtoto akiwa usingizini. Baadhi ya watoto hutolewa damu kidogo. Baadaye mtaalamu huketi sakafuni na mtoto, hucheza naye na kuona anavyojibu. Si kila mtoto huhitaji kupigwa picha ya ubongo, na mara nyingi hakuna dawa anayopewa.

Anzeni kwa daktari wa karibu, ambaye atawaelekeza kwa daktari wa watoto, wapimaji wa masikio, au wataalamu wa matamshi na wa viungo katika hospitali kubwa za rufaa. Pia viko vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu, vilivyoanzishwa mwaka 1984, ambavyo huwapokea hata watoto ambao hawajafika umri wa shule. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, nayo ina kituo cha tathmini. Ulizeni mapema kuhusu gharama na siku za kupokea wageni, kwa kuwa foleni huwa ndefu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutochelewa kujiandikisha.

Namna ya kuelewana

Sasa turudi kwa wale wazazi wawili. Sikubishana na baba. Nilimpa karatasi na kazi ya siku saba. Kila siku azime televisheni, aketi nyuma ya mtoto anapocheza, na kumwita jina kwa sauti ya kawaida mara tano, nyakati mbalimbali. Aandike mtoto akigeuka. Aandike pia kila mara mtoto anapomletea kitu ili amwonyeshe, na kila neno analolitumia kwa maana ile ile zaidi ya mara moja.

Siku ya nane alirudi, safari hii pamoja na mkewe. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Kati ya mara 35 alizomwita, mtoto aligeuka mara nne. Safu ya maneno ilikuwa tupu. “Daktari,” akasema polepole, “tupeleke mahali panapofaa.”

Kutokana na familia hii na nyingine nyingi, nina mashauri haya:

Kwanza, semeni mlichokiona, si mnachokihofia. “Leo nimemwita mara tano hakugeuka” ni neno linaloweza kuchunguzwa. “Mtoto wako ana kasoro” ni vita.

Pili, anayetaka kungoja ataje tarehe. Kungoja majuma manne, kisha mtoto apimwe, kunakubalika. “Tungoje tuone” bila tarehe hakuna mwisho. Lakini kwa mtoto anayepoteza uwezo aliokuwa nao, au ambaye usikivu wake una shaka, msingoje hata hayo majuma manne.

Tatu, nendeni nyote wawili. Mzazi aliyebaki nyumbani husikia majibu kupitia kwa mwenzake, na mwenzake huonekana kama ndiye aliyeleta habari mbaya. Nyanya akiwa ndiye anayeshinda na mtoto, aje pia. Ameona mengi kuliko ninyi.

Nne, mwenzako akikataa kabisa, mpeleke wewe, lakini mwambie waziwazi kwamba unakwenda. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, inawapa mama na baba wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tano, anzeni kazi nyumbani leo, hata kabla ya kupimwa. Mketi sakafuni uso kwa uso na mtoto. Mtajie vitu anavyovitazama: “kikombe”, “mbwa”, “gari”. Mwimbieni, kisha nyamazeni kidogo ili naye ajaribu. Msimpe kila kitu kabla hajaomba. Punguzeni televisheni na simu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiketi mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku. Mambo haya hayamdhuru mtoto yeyote, awe na tatizo au asiwe nalo.

Masikio ya mvulana yule yalipatikana kuwa mazima. Wataalamu waliomwona baadaye walisema ana usonji. Wazazi walinyamaza njia nzima wakirudi nyumbani, mama aliniambia, na usiku huo baba hakula.

Sasa amepita miaka mitatu. Sitadanganya kwamba amepona, kwa kuwa usonji hauponi kama malaria. Lakini ana maneno kumi na moja, huvuta picha ya kikombe anapotaka maji, na hatupi tena vitu kwa hasira ya kutoeleweka. Kila Jumamosi humpeleka kwa mtaalamu wa matamshi baba yake, ambaye hubeba daftari la kuandika analofundishwa ili waendelee nalo nyumbani.

Juma lililopita walipitia kwangu mtoto akiwa na kikohozi. Baba alinionyesha daftari, kisha akasema kitu ambacho ningependa kila mzazi anayebishana asikie.

“Daktari, jina la ugonjwa nimelizoea. Ile miezi saba ndiyo bado inaniuma.”